Fungua Mfuniko Kwanza

Jumamosi moja ya Desemba 2024, saa kumi jioni, nyuma ya kibanda cha fundi simu mjini Kahama, watu kama 40 walikuwa wamelizunguka boksi la plaiwudi wakipiga kelele utadhani Simba na Yanga wako ndani. Ndani kulikuwa na mashine mbili, kila moja isiyozidi kilo moja na nusu, zilizopimwa kwenye mizani ya muuza mchele wa jirani. Moja ilikuwa ya mdogo wangu. Ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, anatengeneza simu, na roboti yake ameipa jina la Karasha.

Kwa asiyekulia huku kwetu: karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, pipa la chuma linalozunguka likiwa na mipira ya chuma ndani yake mpaka jiwe ligeuke unga. Ukilala Nyarugusu au Rwamagasa, au pembezoni mwa Kahama, usingizi wako una mlio wa karasha. Ni jina zito kwa kitu kinachoenea kwenye ndoo.

Karasha ya mdogo wangu ina bapa mbele, lililokatwa kwenye springi ya gari na kuzungushwa na mota ya drili ya betri. Mpinzani wake hakuwa na silaha yoyote. Alikuwa mfupi, mwenye mteremko kama kabari, na kazi yake ilikuwa kuingia chini ya mwenzake na kumbinua. Bapa liligonga mara ya kwanza, cheche zikaruka. Mara ya pili bati la kabari likachanika, watu wakapagawa. Halafu, kabla ya pigo la tatu, Karasha ikazima. Haikuwa imebinuliwa wala kuguswa. Ilisimama tu katikati ya boksi kama ng'ombe aliyegoma, na kabari ikaanza kuisukuma kuelekea ukutani.

"Maliza! Maliza!" watu walipiga kelele. Zilipita sekunde kadhaa ndipo nikagundua kwamba na mimi nilikuwa napiga kelele hiyohiyo, dhidi ya kazi ya mikono ya mdogo wangu mwenyewe.

Mwamuzi akahesabu mpaka kumi. Mchezo ukaisha. Kijana anayeshirikiana na mdogo wangu akatikisa kichwa, akasema, "Hii si bure. Hawa wa Nyasubi wametuwekea dawa." Alisema kwa utani, lakini utani wa nusu, na waliocheka walicheka nusu. Mdogo wangu hakucheka kabisa. Alitoa bisibisi mfukoni, akachuchumaa, akasema, "Fungua mfuniko kwanza."

Skrubu nne. Chini ya mfuniko, waya mwekundu unaotoka kwenye betri ulikuwa umechomoka pale ulipounganishwa kwa risasi. Risasi haikuwa imeshika vizuri. Mtikisiko wa mapigo mawili ukaimaliza. Akauinua ule waya kwa ncha ya bisibisi ili kila mtu auone, pamoja na wale wa Nyasubi. "Hii hapa dawa," alisema.

Nilirudi Dar es Salaam, kwenye shahada yangu ya uzamili ya falsafa, nikiwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa la aibu: kwa nini nilifurahi vile? La pili ndilo ninalojaribu kulijibu hapa: je, ni haki kufurahia kuona kitu kikivunjwa, hasa mahali kama kwetu?

Nianze na namna vitu hivi vinavyoundwa, kwa sababu raha ya mchezo huanza miezi kadhaa kabla ya pambano. Vijana wenyewe ni sita. Betri wanazipata kwenye laptop mbovu. Pakiti ikifa, mara nyingi ni seli moja au mbili ndizo zilizokufa, nyingine bado nzima. Mota ni za drili zilizotupwa, au za waipa kutoka gereji. Rimoti na kipokezi chake hutoka kwenye magari ya kuchezea. Matairi ni vifuniko vilivyovishwa tyubu ya baiskeli. Kando ya boksi huwa kuna ndoo ya mchanga, maana betri za lithiamu zikitobolewa huwaka, na moto wake hauna masihara. Wanajua pia, kwa kuungua vidole, jambo ambalo mwalimu wa fizikia huliandika ubaoni: nishati ya bapa linalozunguka hukua kwa mraba wa mwendo wake. Ukiongeza mwendo mara mbili, pigo linakuwa mara nne.

Mchezo hawakuubuni wao. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, Mmarekani Marc Thorpe, mtu wa vifaa vya sinema, alijaribu kuunda mashine ya kusafisha sakafu inayoongozwa kwa rimoti. Ile ya kusafisha haikumpeleka mbali, ila mashine inayokwenda kwa rimoti ilimpa wazo jingine, na mwaka 1994 akaandaa Robot Wars ya kwanza mjini San Francisco. Mwaka 1998 mchezo uliingia kwenye televisheni ya Uingereza, na mwaka 2000 Wamarekani wakawa na kipindi chao, BattleBots, ambako zimepambana mashine za zaidi ya kilo 100 nyuma ya kuta za plastiki nzito. Mdogo wangu amejifunza karibu kila kitu kwa kutazama mapambano hayo kwenye simu, usiku, bando likiwa rahisi.

Upo pia mchezo wa roboti wenye adabu zaidi. Mwaka 2017 timu za vijana kutoka nchi zaidi ya 150 zilikutana Washington kwenye shindano la kwanza la FIRST Global. Pale roboti hazivunjani. Zilikusanya mipira iliyowakilisha maji safi na uchafu wa maji, na nchi moja haikucheza peke yake. Iliungana na nyingine kuwa kambi moja. Ni shindano lililoundwa ili mtu ajifunze kushirikiana. Nalipenda. Lakini nilipomwonyesha mdogo wangu video zake, alitazama kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi, kisha akarudi kwenye bapa lake. Nilimuuliza kuna nini kwenye kuvunja ambacho hakimo kwenye kukusanya mipira. Akafikiri. "Pale ukikosea unapata pointi chache," alisema. "Huku ukikosea, inaonekana."

Jibu hilo nililibeba muda mrefu kabla ya kulielewa. Kwanza ilibidi nishughulike na mama yetu.

Mama anapika wali na maharage na kuwauzia vijana wa makarasha. Anajua bei ya mota. Anajua pia kwamba mota ya karasha ikiungua, watu kumi na zaidi hawali siku hiyo, na yeye hauzi. Siku aliyoona mota nzima ikitolewa kwenye boksi ikiwa inanuka moshi, hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Ng'wana wane, kuna mtu angesagia unga kwa hiyo."

Pingamizi la Mama ni zito kuliko mengi niliyoyasoma mwaka huu. Mashine haina maumivu, hilo anakubali. Lakini ndani ya mashine kuna kazi ya mtu. Kuna shaba iliyochimbwa, waya uliofungwa kwa mkono, safari ya meli. Kuivunja kwa makusudi ni kama kumwaga chakula: chakula hakilii, ila aliyepika anaona. Jibu rahisi ni kwamba mota zile zilikuwa takataka tayari, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini si zote. Ile iliyoungua ilinunuliwa. Kwa hiyo sitajificha nyuma ya neno takataka. Mchezo huu una gharama, na gharama hiyo inalipwa mahali ambapo mota moja inaweza kuwa mlo wa nyumba. Anayeutetea anapaswa kusema umerudisha nini.

Pingamizi la pili nililikuta darasani. Kant alifundisha kwamba mnyama hatudai kitu moja kwa moja, ila anayemtesa mnyama huufanya moyo wake mgumu, na ugumu huo kesho utamfikia binadamu. Wapo wanaoipeleka hoja hiyo kwenye roboti. Mwaka 2013, kwenye warsha moja mjini Geneva, watu walipewa vidosari vya roboti vinavyolia na kujinyoosha, wakacheza navyo, kisha wakaambiwa wavivunje. Walikataa. Ilibidi waambiwe kwamba vyote vitavunjwa mtu asipojitokeza kuvunja kimoja, ndipo mmoja akashika shoka. Kilichowazuia wale hakikuwa ujinga. Walijua ni plastiki. Walisita kwa sababu ya kile ambacho tendo lenyewe lingewafanya wao wawe.

Mimi je, niliyepiga kelele "Maliza"? Nimejipima kadiri ninavyoweza. Karasha haina macho, hailii, haijinyooshi; kabari ni kabari. Hakuna aliyejifanya kwamba kile kitu kinateseka. Lakini sauti yangu ilikuwa ya kweli, na sauti hiyo naijua. Niliisikia utotoni watu walipokuwa wanamkimbiza mwizi wa kuku. Siwezi kusema mchezo huu unaikomesha sauti hiyo ndani ya mtu, wala kwamba unaizidisha. Najua tu kwamba ndani yangu imo, na kwamba kilichopokea sauti hiyo siku ile kilikuwa bati.

Na hata bati linaweza kumfikia mtu. Mwezi mmoja kabla sijafika, mwenzao mmoja alitengeneza bapa kwa tupa ya kunolea mapanga. Tupa ni chuma kigumu sana, na kwa ugumu huohuo hakina uvumilivu. Kikigongwa hupasuka kama chupa, wakati chuma cha springi hupinda kwanza. Wakati huo boksi lilikuwa na wavu wa kuku upande wa watazamaji. Bapa lilipasuka, kipande kikapita kwenye tundu la wavu na kujikita kwenye nguzo ya kibanda, kimo cha jicho la mtoto. Hakuna aliyeumia. Walisimamisha mashindano majuma matatu, wakaziba wavu kwa plaiwudi, wakaweka kioo cha plastiki nene cha bango la zamani, na wakakubaliana kwamba tupa haiingii uwanjani. Kile kipande hawakukichomoa. Kipo mpaka leo, na mgeni yeyote anayetaka kushiriki huoneshwa nguzo kwanza.

Nguzo ile ndiyo iliyonirudisha kwenye jibu la mdogo wangu. Huku ukikosea, inaonekana.

Usukumani tuna mashindano ya kale kuliko roboti. Wapo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyojinasibisha na waganga wawili mahasimu wa zamani, Ngika na Gumha. Pande zote mbili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi upande wake. Aliyefika Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo, ameona umati ukihama kutoka huku kwenda kule kama maji kwenye sinia. Wachezaji hufika na nyoka, na nungunungu, na sanamu, na dawa. Dawa ni sehemu ya ushindani wenyewe. Aliyeshindwa hupewa njia ya heshima ya kutokea: hatukuzidiwa kucheza, dawa yao ndiyo iliyokuwa kali. Mwakani atarudi na dawa kali zaidi, na na wimbo mzuri zaidi.

Kwenye ngoma, maneno hayo hayamuumizi mtu. Yana hata utamu wake. Yakihamia msibani, yanaua.

Mwaka 2016 mjomba wangu, kaka yake Mama, alifariki kwenye duara la wachimbaji wadogo upande wa Geita. Alikuwa anateremshwa kwa winchi, kamba ikakatika. Hayo ndiyo yote tuliyoambiwa. Mimi nilikuwa bwenini, kidato cha tano; mdogo wangu alikuwa na miaka 11 na alikuwepo walipoleta mwili. Mwenye duara alitoa rambirambi, akasema ni kazi ya Mungu. Kamba yenyewe hatukuoneshwa. Hakuna aliyesema ilikuwa na umri gani, ilikatikia wapi, ilikuwa imeloa au imekwaruzwa na mwamba, nani aliikagua mara ya mwisho. Kazi ilirudi dukani kununua kamba nyingine, na duara likaendelea.

Lakini msiba hauwezi kukaa na shimo katikati yake. Watu walikaa matangani, wakakunywa chai, na neno likaanza kuzunguka: kijana mwenye nguvu vile, hii si bure. Kama si bure, basi ni nani? Macho yakaenda kwa Bibi, mama yake mzazi. Bibi alikuwa mjane. Aliishi peke yake. Macho yake ni mekundu, kwa zaidi ya miaka 50 ya kupuliza moto wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Yeyote aliyesoma magazeti ya Tanzania anajua namna vikongwe wa Shinyanga, Geita na Simiyu walivyouawa kwa mapanga kwa ushahidi wa macho mekundu. Walisema amemla mwanawe.

Usiku wa tisa baada ya mazishi, jiwe lilitua juu ya bati lake. Usiku wa kumi Mama alikwenda na bodaboda, akamfunga Bibi kwa kitenge mgongoni kwa dereva, mwenyewe akakaa nyuma akimshikilia, wakaja Kahama bila kuwasha taa sehemu ya kwanza ya njia. Bibi hajarudi kwake mpaka leo. Kaburi la mwanawe hajaliona likiota nyasi.

Mwaka 1937 Mwingereza Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya uchawi miongoni mwa Wazande, watu wanaoishi pande za Sudan Kusini na Kongo. Mfano wake mashuhuri ni wa ghala la nafaka. Ghala huanguka likawaua waliokaa kivulini pake. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Si mtu wa kufundishwa habari za mchwa. Anachouliza ni kwa nini lilianguka saa hiyo, juu ya hawa. Mchwa hawajibu hilo. Uchawi unajibu.

Profesa wangu huusoma mfano huu ili kutuonesha kwamba anayeamini uchawi si mjinga, na yuko sahihi. Lakini kila nikiusoma naona tofauti moja kati ya ghala lile na duara letu. Wazande walikuwa na mchwa. Walizijua nguzo zilizoliwa, na swali la pili lilikuja juu ya jibu la kwanza. Sisi jibu la kwanza hatukupewa. Kamba iliondoka, na pale ilipopaswa kuwepo kamba pakawekwa bibi yangu.

Hapa ndipo nilipofika na swali langu, na sidhani nimefika mbali sana. Mdogo wangu anajua kwamba kufungua mfuniko hakutamwambia kwa nini mjomba, kwa nini saa ile, kwa nini siku ambayo alikuwa amepanga kupumzika. Swali hilo halina skrubu. Waya uliochomoka unasema jambo dogo tu: imetokea vipi. Jibu la "vipi" halimfariji mfiwa. Lakini linatosha kumwacha mtu asiye na hatia alale nyumbani kwake. Nikiulizwa mchezo huu umerudisha nini badala ya mota ya Mama, hilo ndilo ninaloweza kulishika: ni mahali, kwenye mji wetu, ambapo kitu huvunjika mbele ya watu, kikafunguliwa mbele ya watu, na aliyekiunda akasema palipolegea. Aliyeshindwa hatafutiwi wa kulaumiwa. Anatafutiwa bisibisi.

Ndiyo maana, nadhani, kukusanya mipira hakumtoshi. Kijana aliyekua na kamba ambayo hakuoneshwa anataka kuvunjika kuwe kukubwa, kwa kelele, kusikoweza kufichwa. Pambano ni njia ya kukilazimisha kitu kionyeshe udhaifu wake sasa hivi, kwenye boksi, ambapo gharama ni betri.

Nilipoeleza haya kwenye semina, mwenzangu mmoja aliuliza swali la haki: kama ni hivyo, kwa nini wasiunde roboti za uokoaji? Hakusema kwa kejeli. Roboti ziliingia kwenye kifusi cha New York mwaka 2001 kutafuta watu, na sisi vifusi tunavyo. Mwaka 2015, Nyangarata, wilaya hiihii ya Kahama, duara liliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao mmoja hakutoka. Siku 41, na mji mzima ulikuwa umekwisha kuwalilia. Nani asingetaka kitu kidogo chenye kamera na taa kiingie mle siku ya kwanza?

Ningeweza kumjibu kwamba vijana wetu wako njiani kwenda huko, na ukumbi ungefurahi. Sikusema hivyo. Karasha haiwezi kupanda kizingiti cha mlango wa nyumbani kwetu. Kuna miaka ya kazi, na pesa, na elimu, kati ya boksi la plaiwudi na kifusi chenye tope, na hakuna aliyewaahidi vijana hawa hata kimoja kati ya hivyo. Tumezoea kumwambia kijana wa huku kwamba mchezo wake ni halali iwapo tu utakuja kuokoa taifa. Watoto wa San Francisco hawakudaiwa ahadi hiyo. Sitaki kuununulia mchezo wa mdogo wangu haki ya kuwepo kwa kuweka rehani maisha ya wachimbaji ambao hajawahi kuwaokoa. Unasimama kwa kile kinachofanyika Jumamosi, au hausimami.

Jumamosi ile ya Desemba Bibi alikuwepo. Sikumtaja mwanzoni kwa sababu na mimi sikumwona mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbali na boksi, kwa sababu ya kelele. Watu walipoanza kutawanyika alimwita mdogo wangu, akataka aoneshwe. Mdogo wangu akamletea Karasha ikiwa wazi, akamwekea mapajani. Bibi akaushika ule waya mwekundu kwa vidole viwili, akauvuta kidogo, ukaja wote.

"Ni huu tu?" aliuliza.

"Ni huo tu, Bibi."

"Na nani alikuwa ameufunga?"

"Mimi."

Bibi alikaa na ile mashine mapajani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakusema lolote juu ya kamba, nami sikuthubutu kulileta. Baadaye alimrudishia, akaomba ashikwe mkono ainuke, maana magoti yake yanamsumbua jioni.

Mwezi wa pili, nikiwa Dar, mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti. Habari ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba ameitwa kutengeneza mota ya winchi kwenye duara fulani, akasema hagusi mota mpaka aoneshwe kamba; wamemwambia ana maringo, wakamwita fundi mwingine. Ya pili ni kwamba Karasha imepigwa tena. Alieleza kwa utaratibu, nyuma yake nikisikia makarasha ya kweli yakisaga: "Mota ya kushoto imeungua. Betri ilikuwa sawa, waya ulikuwa sawa, nimeangalia. Niliweka fyuzi kubwa kupita kiasi, kwa hiyo haikukatika ilipotakiwa kukatika. Kosa langu. Jumamosi ijayo naweka ndogo."